Nyuma ya Kalenda ya Duka la Rangi

Nimeupindua Machi, upande usio na picha,
nikaandika kwa kalamu ya Chengo, iliyotafunwa kitakoni:
MSITUNI. JUMAPILI.
Mistari miwili chini yake,
kama mtu anayefunga mbuzi asiyeaminika.

Ni mara ya nne naiandika Jumapili hii.
Ya kwanza ililowa, barabara ikawa uji.
Ya pili, Gongoni kwenye chumvi
walimtaka Tsuma ashike zamu ya mgonjwa.
Ya tatu ni goti la mama mkwe, na sisemi zaidi,
goti lile lina masikio.

Haya, hesabu.
Wakubwa watatu. Watoto wawili.
Na Nyevu, miezi saba, sijui langoni watamwita nani:
mtoto, au mzigo.
Gari la Karisa kutoka Maweni mpaka kule,
lile ambalo mlango wake mmoja hufungwa kwa waya;
mafuta nusu yake, nusu yetu.
Maji, chupa sita.
Chapati kumi na mbili. Futa. Ishirini.
Tsuma akiona miti husikia njaa.
Viazi vya karai havisafiri vizuri,
lakini nani atakayemwambia Chengo?

Chengo anataka tembo.
Nimemweleza wapo, ila msitu ni mpana
na tembo hawawekani miadi na mtu.
Nikamuuzia sange: panya asiye panya,
pua ndefu kama ya mpelelezi,
matako ya manjano utadhani alikalia rangi mbichi.
Akafikiri. "Anang'ata?"
Hang'ati.
Akarudi kwenye mpira wake.
Nimeandika: tembo, labda.

Umazi anamtaka bundi,
yule mdogo wa humo humo, asiyezidi kiganja.
Bundi hulala mchana, mwanangu.
"Basi tumwone amelala."
Mama mkwe, kwenye kibao chake cha mbuzi,
akasimamisha nazi mkononi:
"Bundi hatafutwi. Akikutaka, atakuja mwenyewe."

Kisha akauliza, kama anayeuliza bei ya dagaa,
"Na hiki kiingilio, cha kuingilia wapi?"
Msituni, mama.
"Sokoke?"
Sokoke.
Nazi haikukunwa tena asubuhi ile.

Kwao ni Mijomboni, ukingoni kabisa.
Alitoka humo na kuni kichwani
kabla hajamaliza kubadili meno.
Mrihi anaujua kwa kivuli,
mbambakofi kwa mlio wa ganda likipasuka juani,
muhuhu kwa moshi.
Anajua mahali shanga zake za kiuno zilipokatika,
za buluu, mwaka ule wa njaa,
na fimbo aliyopigwa kwa ajili yake
anaweza kukutajia mti ilikochumwa.

"Yaani nilipe," akasema, "nikaangalie kuni?"

Nilitafuta jibu. Nikapata kalamu.
Mama: mkubwa, mwenyeji.
Sijui kama langoni wana bei ya mwenyeji wa namna hiyo.

Usiku Tsuma akarudi na chumvi kwenye kope,
akaisoma kalenda kwa tochi ya simu,
midomo ikicheza, kama anayesoma barua ya deni.
Akaongeza neno moja: kiti.
Kile cheupe cha plastiki, cha mama apumzikie.
Akalala na viatu.

Leo ni Jumamosi. Kikapu kiko mlangoni.
Nimekifungua nitie chumvi ya mayai
na chini, chini kabisa, chini ya leso ya Nyevu,
mkono wangu umegusa kamba.
Ya katani. Ya zamani, laini kwa jasho,
imekunjwa vizuri, fundo lake la kuni bado lipo.

Nimesikiliza. Chumbani kwake kimya,
kile kimya cha mtu aliye macho.

Kesho askari wa langoni atapekua, au hatapekua.
Nimeirudisha leso juu yake,
nimepanga mayai.
Kwenye kalenda sikuiandika.