Mama Mita

Watoto wa Nyawera waliniita Mama Mita
kabla sijawa mama wa mtu yeyote.
Ndivyo mji ulivyonibatiza: mwanamke apimaye kuta za wengine
na yeye amepanga chumba kimoja kule Kadutu,
chini ya bati linalojua mvua kwa jina.

Nilianza na futi ya fundi cherehani.
Chuo hakikuwa na kamera; kilikuwa na mhuri.
Nilichora kona za mviringo, madirisha ya duara kama macho ya samaki,
vibaraza vilivyojipinda kuelekea ziwani
kana kwamba nyumba nzima imesikia ikiitwa.
Polisi waliniuliza: nani amekutuma?
Wenye nyumba waliniuliza: unanunua?
Mama yangu aliuliza swali moja tu, kila Jumapili, hadi akafa nalo:
na hizo kuta, zitakulipa lini?

Miaka thelathini na mmoja. Makabrasha mia mbili na tisa.
Juu ya kila kabrasha niliandika kama nilivyofundishwa:
mwaka, mtindo, msanifu.
Majina ya Wabelgiji, wima,
kama kola zilizotiwa wanga.

Hata jioni ile, chini ya ngazi ya nyumba ya Murhula.
Mvua imenifungia, umeme umekatika,
nikawa napapasa ukuta nitafute mlango,
na kidole changu kikaingia mahali pa kidole cha mtu.
Lipu ilikuwa mbichi alipoigusa.
Vidole vinne, gumba, na chini yake, kwa ncha ya msumari,
ZIHALIRWA,
ile Z imegeuka, inatazama ilikotoka.
Nikabandika karatasi, nikapitisha penseli taratibu,
jina likaumuka kama mkate.
Kisha nikakaa kwenye kidato cha tatu.
Ngazi ile nilikuwa nimeipima mara mbili.

Tangu hapo kila kabrasha lina mstari wa nne: mikono.
Karibu kote uko mtupu.

Murhula alikuja ofisini na adabu zake na soda mbili,
akaomba nakala ya vipimo.
Nilifurahi, jamani. Nilifurahi kama bibi harusi.
Mtu wa kwanza kunisoma hadi ukurasa wa mwisho!
Naye alisoma kweli. Kutoka michoro yangu alihesabu
matofali mangapi yatauzika,
mbao za libuyu mita ngapi, vyuma vya roshani kilo ngapi.
Hakukosea, kwa kuwa mimi sikukosea.
Siku tisa, nyumba ikashuka
ikapakiwa kwenye malori, kila kitu kwa idadi yake.
Leo pana ghorofa tano za vioo vya buluu.
Ukipita saa nne asubuhi unaona mlima ndani yake,
umekatwa kichwa.

Niliacha kupima miezi minne. Nilisema naumwa mgongo.

Halafu akaja Mama Venansia M'Zihalirwa, kwa miguu,
kutoka upande wa Kabare, tope hadi magotini.
Hakuketi. Alisema:
nimeambiwa wewe unaye baba yangu.

Nikamwonyesha karatasi.
Hakusoma jina. Aliweka kiganja chake juu ya kile cha penseli,
akakiondoa, akakirudisha.
Vilikuwa sawasawa.
Wa kwake, akasema, ulikuwa mkubwa.
Ulinibeba mzima mzima, na mguu wangu mmoja ukabaki ndani yake umelala.
Huu ni mdogo. Mama, una hakika na kipimo?

Futi ilikuwa mezani kati yetu.
Sentimita kumi na saba na nusu; nilishaziandika,
nilishazipigia mstari.

Karatasi, nikamwambia, hunywea.
Ikikaa sana kwenye kabati hupungua.

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyelijua hilo siku zote,
akaikunja, akaiweka kifuani.
Nikaitia futi mfukoni kabla hajaiona.