Aproni Kumi na Moja

Zilikuwa kumi na moja, pamba nzito,
zimefuliwa mpaka zikalainika kama sikio la ndama.
Mama alizikata kwa mkasi wa kuku.
Mkasi wa nguo, alisema, ungemhurumia mtu.
Kila moja ikatoa bandana nne
na kipande cha kufutia miwani.

Baba alioka mikate miaka thelathini na minne
katika mji wa machimbo ya mawe, kaskazini mwa Vermont,
ambako Novemba huingia bila kubisha hodi.
Alipofariki, unga ulibaki kwenye mishono.
Tulipoloweka vitambaa katika maji ya magadi
maji yakageuka maziwa, kisha yakatulia.
Tukayamwaga.

Mama hakujua kutia rangi. Alijifunza kwa kuharibu.
Kwanza mzunguko: unabana kitovu cha kitambaa
kwa vidole viwili, unasokota, unasokota,
mpaka kilale duara kama andazi la mdalasini.
"Hili nalijua," alisema,
akaitazama mikono yake kana kwamba ameazimwa.
Kisha mikunjo ya feni, uzi wa kushonea viatu.
Kisha vijiwe vya mtoni, kila kimoja kimefungiwa chumba chake,
viache pete nyeupe.
Kufinyanga ovyo ndiko kulikomshinda:
mkono wake unapenda pembe ikutane na pembe.

Januari akagundua theluji.
Alivitandaza vitambaa juu ya wavu wa kupozea mikate,
akavifukia kwa theluji ya uani,
akanyunyiza unga wa rangi
kwa chujio lile lile la sukari.
Usiku kucha ikayeyuka.
Samawati ilitangulia, zambarau ikachelewa,
na asubuhi hakuna aliyeweza kusema: hii nimeichora mimi.

Fundo la uzi hufunguliwa kwa meno.
Lile jingine nilimsikia akilimeza
saa nane za usiku, saa ya kuwasha tanuri,
amesimama jikoni, taa haijawashwa.

Jumamosi, ukumbi wa kanisa, meza yetu
kati ya asali na soksi za sufu.
Delphis Thibault, dereva wa basi la shule,
akachagua ya buluu, akaiinua kwenye mwanga.
Pembeni palikuwa na doa jeupe, kiasi cha dole gumba:
siagi ya zamani iliyoikataa rangi.
"Hii ina kasoro, Odile. Punguza."
Mama akavaa miwani. Akaitazama
muda mrefu mno kwa bandana ya dola tisa.
"Huo ni mtindo," akasema.
"Hiyo aliifunga mume wangu mwenyewe.
Dola kumi na nane."

Akalipa, mzee wa watu. Akaifunga shingoni,
doa likazama ndani ya kola.
Mama akazihesabu noti mara tatu,
akazikunja feni,
halafu akanituma nikaiombe tena.

Nilipofika nje gari lilikuwa linakata kona ya benki.
Nikasimama pale, bila koti,
nikitunga la kumwambia.