Pengo

Ambakisye hupima majani ya chai kutwa nzima,
na mizani anarudi nayo kichwani.
Nikimpakulia kande, anazipima kwa jicho.
Usingizini ananong'ona:
"Kumi na nne. Toa mbili za maji."
Mimi nipo ubavuni. Daftarini simo.

Jana mvua ya Tukuyu ilikata umeme,
simu ikamzimikia msimamizi akiwa bado anafoka.
Akachomoa ile kalamu ya sikioni,
akaiweka juu kabisa ya kabati,
kama mtu anayewaficha watoto kiberiti.

"Hivi, lile jino limepona?"

Liling'olewa Pasaka.
Tunakaribia Krismasi.

Nikacheka, nikaachama.
Akasogeza mshumaa,
akalichungulia pengo bila haraka,
bila kuhesabu yaliyobaki.