Hodi kwa Herufi Ndogo

Sasisho liliingia usiku wa Jumanne
bila kubisha hodi, Kutaisi imelala,
mto Rioni peke yake ukisemezana na mawe.
Bibi Lamara alivumilia hadi Jumamosi,
ndipo akagonga bomba la joto
mara tatu kwa kijiko.
Ndiyo simu yetu: yeye ghorofa ya pili, mimi ya tatu.

Mimi ni fundi wa lifti. Kompyuta sizijui.
Kilichokwama ndicho ninachokijua:
hakikwami bila sababu,
na sababu haina desturi ya kupiga kelele.

"Malkhazi," akaniambia, "gazeti limenikimbia."

Miaka arobaini alisahihisha chapa
katika kiwanda cha vitabu ng'ambo ya daraja;
koma iliyopotea aliinusa
kama wengine wanavyonusa mkate unaoungua.
Sasa macho yake ni dirisha la bafuni:
mwanga unapita, sura hazipiti.
Alikuwa anasomea kiendelezi kimoja kidogo
alichomtengenezea Tornike, mwana wa dada yake,
kabla hajahamia Wroclaw,
kitufe chenye umbo la komamanga.
Ukikibofya, herufi zinavimba
mpaka neno moja linajaza kioo
kama ng'ombe aliyesimama mlangoni.

Leo komamanga ni la kijivu.
Nikalibofya. Kimya. Nikalibofya tena na tena,
mimi niliyewacheka maisha yangu yote
wanaobonyeza kitufe cha lifti mara kumi
wakidhani itaona haya na kushuka.

Nikafunga kivinjari, nikakifungua.
Nikazima mashine, nikahesabu hadi thelathini, nikaiwasha.
Nikafuta kumbukumbu zake zote:
ikasahau nenosiri la malipo ya gesi,
ikasahau jina la mwenye nyumba,
komamanga likabaki kijivu.
"Umefuta nini?"
"Vumbi tu," nikadanganya.

Kikulacho ki nguoni mwako.
Basi nikakivua kivinjari nguo zote:
kizuia matangazo, kitafsiri,
kile cha hali ya hewa kinachojua mvua baada ya mvua,
na kingine cha kuponi
ambacho hakuna aliyekumbuka nani alikileta.
Kisha nikakivisha moja moja,
nikipakia upya ukurasa kila mara,
Lamara akinisogezea chai iliyokwisha poa.
Vyote havikuwa na hatia.

Nikampigia Tornike. Yuko zamu, ghala la samaki wa barafu,
nyuma yake magari ya mizigo yanalia.
"Mama mkubwa hajambo?"
"Hajambo. Mgonjwa ni komamanga."
"Sijaligusa miaka mitatu," akasema,
akanyamaza kama mtu aliyekumbuka sufuria jikoni.
"Tazama juu, pembeni kabisa.
Wakisasisha, huomba ruhusa upya."

Nikaisogeza pua hadi kwenye kioo.
Pale konani, mstari mwembamba kama uzi wa buibui,
majivu juu ya majivu:
*Kiendelezi hiki kinaomba ruhusa
ya kubadilisha ukubwa wa maandishi. Unaruhusu?*

Siku nne kilisimama hapo
kikibisha hodi kwa mnong'ono.
Aliyehitaji herufi kubwa
aliulizwa kwa herufi ndogo kama anazihitaji.

Nikamsomea. Hakucheka, nilikotaraji acheke.
Akanyoosha kidole, nikamshika kifundo cha mkono,
nikamwongoza hadi kwenye kipanya.
"Karibu," akasema, akabofya.

Komamanga likaiva.
Kichwa cha habari kikafura, kikavuka ukingo,
ikabidi tukivute pole pole kama kamba ya lifti,
neno, nafasi, neno.
Lamara akasoma kwa sauti, midomo mbele ya macho,
habari ya bei ya mahindi na barabara ya Zestaponi,
mara akasimama. Kidole kikagonga kioo.

"Hapa," akasema, uso umemnawiri, "hapa pamekosa koma."