Ufa Niliouziba

Nugzari aliniletea kapi bila kulibeba.
Chuma cha tani mbili hakishuki ngazi za kituo cha juu;
alilinyunyizia poda nyeupe, akalizunguka na skana
tangu asubuhi hadi vidole vikafa ganzi,
akateremka na faili moja mfukoni.
"Mzia, ndilo hilo. Lipime.
Jumatatu watu wanataka kupanda."

Michoro yake haipo.
Waliolisubu wamekufa, na kiwanda chao
sasa kinahifadhi viazi.

Nikalifungua.
Pembetatu milioni moja na laki tatu,
zimeshikana ncha kwa ncha, bubu.
Faili la aina hii linajua nukta tu:
halijui chuma, halijui kutu,
halijui hata ukubwa wake.
Nikaliuliza, milimita au mita? Kimya.
Programu ikajichagulia mita,
na kapi likawa na upana wa kilomita mbili na ushei,
likalifunika korongo lote la Kvirila,
machimbo, shule, na nyumba ya shangazi.
Nikacheka peke yangu. Nikagawanya kwa elfu.
Likarudi mezani.

Halafu ikanikatalia: hiki si kitu yabisi, ni ganda.
Debe tupu huvuma; hili hata kuvuma halikuvuma.
Nyuso nyingine zilikuwa zimegeuka ndani nje
kama soksi zilizovuliwa na mtoto,
na matundu, mia mbili na kumi na saba,
pale mwanga ulipoteleza kwenye grisi,
pale kiwiko cha Nugzari kilipotia kivuli.

Kuna kitufe. Kimeandikwa Tengeneza.
Nilikibonyeza nikaenda kuchemsha kahawa.
Niliporudi wavu ulikuwa mzima kama yai.
Nikaujaza nyama ya chuma, nikakaza ekseli,
nikaning'iniza behewa, watu kumi na wanane,
theluji juu ya paa, upepo wa Machi ubavuni.
Rangi zikaja taratibu:
buluu, buluu, kijani kidogo mabegani.
Nyekundu hamna.
Linahimili mara tatu na nusu, ikasema.

Barua nilikuwa nimekwisha kuiandika
simu ilipolia.
"Ile alama karibu na kitovu umeiona?
Nilipitisha ukucha, ukanasa."
Alama gani?

Nikalirudia faili la kwanza, na majeraha yake yote.
Nikayapitia moja moja, kahawa ikapoa.
Matundu ya uongo ni ya mviringo, yamezubaa.
La mia na arobaini lilikuwa jembamba kama kope,
limepinda, limeanzia kwenye mfereji wa ekseli,
na lilikuwa na mahali linakokwenda.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta:
aliyesema hivyo hakukiona kitufe kile.
Mimi niliuziba.
Kwa sekunde nne, bila saruji, bila moto,
kwa pembetatu thelathini na moja za kuzua,
na ukuta ukasimama wenyewe, wa buluu,
nikawaegemeza watu kumi na wanane.

Usiku ule nilizing'oa kwa mkono,
moja baada ya nyingine, kama mtu anayefumua
mshono wa fundi mwenye haraka.
Matundu ya grisi nikayaziba. Lile nikaliacha wazi.
Behewa lilelile, theluji ileile.
Nyekundu ikawaka kwenye ncha ya ule ukope,
ndogo kuliko punje ya mtama.
Nikaifuta barua.

Jumatatu watu walipanda kwa miguu,
ngazi mia sita na kumi, wakinitaja kwa jina.
Tsiala wa posta alikaa kupumua nusu ya njia,
akaniuliza kapi linaumwa nini.
Nikamweleza yote, mpaka soksi, mpaka kope.
Akasikiliza. Akafuta jasho.
"Basi," akasema, "shika huu mfuko."