Kitabu cha Madeni

Mwinchumu Kondo, Magomeni Mapipa:
madaftari mawili ya mistari, kalamu ya bluu moja,
sukari robo. Atalipa mwisho wa mwezi.

Ndivyo baba alivyomwandika dukani
mwaka ule askari waliporudi kutoka Kagera
na mji mzima hauna sabuni.

Alikwenda vitani na tarumbeta ya bendi,
akarudi na vidole vitatu mkono wa kulia.
Tarumbeta akaiuza. Akanunua udi Kariakoo, kwa mtu aliyekuwa anahama,
akajifunza upya, kama mtoto anavyojifunza kufunga vifungo.

Kila Jumanne alikwenda Lugalo,
akakaa ukingoni mwa vitanda vya majeruhi.
Hakuuliza, uliogopa? Aliuliza: saa ngapi?
Ng'ambo ipi ya mto? Nani alikuwa kushoto kwako?
Wawili wakipingana, alirudi Jumanne ya pili
kumtafuta wa tatu.

Tusimfanye walii. Alilalamika sana:
chai ya Ilala ni maji ya kusuuzia vikombe;
kwa bwana mmoja Upanga walimsimamisha uani
mpaka nyuzi zikalegea kwa unyevu,
ndipo wakamwita, wakataka ya mapenzi.
Akawapa hii:

    Daraja lilivunjika,
    na mto ukafurika,
    watu sita wakavuka,
    wakarejea watatu.

    Majina yao nasema:
    Mponda, Chilewa, Lema,
    hawakurudi kwa mama,
    wala sikuzua kitu.

Nauli hawakumpa.

Mjane wa Chilewa alikuja na doti ya kitenge,
mpya, karatasi yake bado imegandia.
"Sema alikufa akisonga mbele. Mwanangu anaanza shule."
Mwinchumu akakishika, akakinusa, akakirudisha.
"Mumeo alirudi nyuma
kumvuta Lema matopeni. Nibadilishe nini hapo?"
Mama yule alikaa sakafuni, kimya, mpaka adhana ya alasiri.
Kisha akamwomba arudie, polepole,
pale penye matope.

Udi ulichukuliwa na mwenye nyumba, kufidia kodi.
Madaftari kumi na moja yaliliwa na mchwa.
Yamebaki mawili, yale yale ya mkopo wetu.

Juzi nilikifungua kitabu cha baba. Deni lipo.
Sikulifuta. Chini yake nimeandika tarehe,
saa tisa na robo, mvua ya manyunyu,
makaburi ya Mburahati, safu ya tatu,
kushoto kwake, muuza mkaa aitwaye Sefu Mkwama.