Mguu wa Thelathini na Nane

Belo hufunguliwa saa kumi na mbili na nusu pale Tangamano,
na anayechelewa hukuta soksi.
Nilijua. Ndiyo maana nilitoka Makorora gizani,
kwa miguu, nikiokoa mia tano ya bajaji,
ncha ya kanga imefunga elfu tisa
na mia saba za sarafu zisizojua kunyamaza.

Sista wa wodi alishasema:
Jumatatu viatu vyeupe, la sivyo baki nyumbani.
Barabara ya Nane vipo, vinang'aa nyuma ya kioo,
elfu thelathini na tano. Niliviangalia
kama mtu anavyoangalia harusi ya watu asiowajua.

Mimi na Mwanakombo tumepanga chumba kimoja,
ndoo mbili, jiko moja la mkaa.
Nyanya masalo tunanunua magharibi,
muuzaji akishachoka kuzitetea.
Mafuta tunayapima kwa kizibo.
Msimu wa machungwa ya Muheza,
chungwa ndilo chakula cha mchana.
Kitini cha famasia tulikinakili kwa mkono,
yeye kurasa shufwa, mimi witiri,
na mpaka leo kila mmoja anajua nusu ya dawa.
Hata njaa tumepatana nayo:
haiji kabla ya saa nane.

Belo likapasuliwa. Mikono ikaingia kama kuku penye mtama.
Nikashika kimoja, cheupe, ngozi, soli haijalika,
namba thelathini na nane. Mguu wangu kabisa.
Cha pili nikakitafuta mpaka jua likanikuta.
Kipo. Mshono uleule, kamba zilezile.
Thelathini na tisa.

Shembilu, mwenye meza, akavilaza viganjani:
"Mapacha hawa, dada. Mmoja alinyonya zaidi.
Elfu kumi na mbili."
Nikamwambia pacha mmoja ni mgonjwa.
"Kumi."
Nikamwambia anitafutie mteja mwingine Tanga nzima
mwenye mguu wa nane na mguu wa tisa,
akimpata amuuzie huyo kwa kumi.
Akacheka mpaka akaweka kikombe cha kahawa chini.
Tukafika sita. Nikageuka kuondoka
kwa mwendo alionifundisha mama, sokoni Pangani:
hatua tatu, usitazame nyuma,
ya nne ivute.
Kwenye ya nne, akaita.
Tano na nusu.

Nilirudi nimevimba kichwa.
Dawa ya meno kwenye ngozi, pamba kwenye ncha ya kile kikubwa,
Mwanakombo akanitembeza chumbani kama bibi harusi.
"Hakuna atakayejua," akasema. "Labda mguu wenyewe."

Jumatatu, Bombo, dirisha la dawa.
Mama mmoja, mwanawe wa miaka saba hivi
ameegemea nyonga yake, anapumua kwa mlio.
Karatasi ameishika mbali na macho.
"Elfu tisa mia nne, baba? Fanya saba."
Dirisha kimya.
"Saba na nusu, na ndizi hizi nakuachia."
Bei ni ya kompyuta, mama.
Akamshika mtoto mkono, akageuka kuondoka,
polepole.

Naujua mwendo ule. Nikahesabu.
Moja. Mbili. Tatu.
Ya nne aliivuta, akaivuta,
kisogo chote kikisikiliza.

Hakuna aliyeita.

Nikaita mimi. Sauti ilitoka ndogo, ya mtu anayedaiwa.
Elfu moja na mia tisa, kwenye ncha ya kanga,
na sarafu zikapiga kelele zake zote dirishani.
Akaniuliza, "Nesi, hii anywe kabla ya kula au baada?"
Nikasoma jina la dawa.
Lilikuwa kwenye kurasa shufwa.
Ikabidi nimuulize wa dirishani, nimeona haya,
ndani ya viatu vyangu vyeupe.

Jioni ile hatukununua nyanya.
Mwanakombo alinisomea ukurasa wa ishirini na sita,
mara mbili, taratibu, hakuniuliza hela imekwenda wapi,
nami nachomoa pamba kiatuni,
naianika dirishani
kwa ajili ya kesho.